Je, wajua kwa nini 5895 ikiandikwa mara mbili hugawanyika kwa 365?

Moshi mjini namba 5895 haikosekani: iko kwenye fulana na kofia wanazouziwa wageni, kwa kuwa ndicho kimo cha kilele cha Uhuru, mlima Kilimanjaro, kwa mita. Iandike mara mbili mfululizo, upate 58,955,895. Sasa toa simu uigawanye kwa 365. Jibu ni 161,523 kamili, baki hakuna.

Wapo watakaosema mlima una siri na siku za mwaka. Hauna. Siri iko kwenye kule kuandika mara mbili. 5895 ya mbele imesogea nafasi nne, imekuwa 58,950,000, kisha ikaongezewa 5895 nyingine. Kwa maneno mengine, tumezidisha 5895 kwa 10,001. Na hii 10,001, ingawa kwa sura unaweza kuapa kuwa ni namba tasa, ni 73 × 137. Kwa hiyo namba yoyote ya tarakimu nne ukiirudia, 73 na 137 zinaingia humo, utake usitake. Mwaka nao ni 5 × 73. Basi 73 tumepewa bure na kurudia, na 5 imetoka kwenye mlima wenyewe, maana kimo chake kinaishia na 5.

Watu wa Arusha wajaribu na Meru yao, mita 4566. Namba 45,664,566 inagawanyika kwa 73 na kwa 137, lakini inaishia na 6, hivyo 365 inagoma. Hata Kilimanjaro haiko salama: vipimo vya setilaiti vya mwaka 1999 vilitoa mita 5,892, na kwa kimo hicho 5 imeshapotea.

Kinachonifurahisha zaidi ni KKS ya milima hii miwili. Kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika cha 58,955,895 na 45,664,566 ni adhabu ukianza kugawanya moja moja. Lakini zote zina 10,001, na 5895 na 4566 zinashirikiana 3 tu. Jibu: 30,003, bila hata kushika kalamu.

Ukiivunja kabisa, 58,955,895 ni 3 × 3 × 5 × 73 × 131 × 137. Ina vigawo 48: tatu inaweza kutokuwepo, kuwepo mara moja au mara mbili, na zile nne nyingine kila moja ipo au haipo, yaani 3 × 2 × 2 × 2 × 2.

Kuna mtego mmoja. Jumla ya tarakimu zake ni 54, na 54 hugawanyika kwa 9, hivyo namba yenyewe pia hugawanyika kwa 9. Ila 54 hugawanyika kwa 27 pia, na hapo namba yetu inakataa, inabakiza 18. Ujanja wa kujumlisha tarakimu hufanya kazi kwa 9 kwa sababu 10, 100, 1000 na kuendelea zote zikigawanywa kwa 9 hubakiza 1. Kwa 27, 10 inabakiza 10. Inayobakiza 1 ni 1000, kwa kuwa 999 ni 27 × 37. Kwa hiyo ukitaka kupima 27, jumlisha tarakimu tatu tatu kutoka kulia: 895 + 955 + 58 ni 1,908, nayo ukiigawanya kwa 27 inabakiza 18 ileile.