Kwa nini nyayo za Laetoli hazikufutika

Wengi wetu tulifundishwa jiolojia kwa kukariri: miamba ni ya aina tatu, dunia ina tabaka kadhaa, mabamba ya ardhi yanasogea. Mtihani ukipita, vyote vinasahaulika. Mimi nikipewa darasa huanza na mwamba mmoja tu, na kwa Tanzania sijaona unaoushinda ule wa majivu wa Laetoli, kusini mwa Bonde la Oldupai. Swali lenyewe ni hili: nyayo zilizokanyagwa miaka milioni 3.66 iliyopita zimebakije?

Maana nyayo hazidumu. Pita kwenye vumbi asubuhi, mchana upepo umeshazifuta. Pale Laetoli volkano ilimwaga majivu yakatua kwa tabaka nyembamba nyembamba, kisha ikanyesha mvua ya rasharasha. Tunajua ilikuwa rasharasha kwa sababu alama za matone zipo hadi leo juu ya mwamba. Tembo, twiga, kanga, sungura na farasi wa kale wenye kwato tatu wakapita juu ya majivu yaliyolowa. Wakapita pia viumbe wachache waliotembea kwa miguu miwili, wa ukoo wa kale wa binadamu. Halafu majivu mengine yakafunika kila kitu. Timu ya Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, iliziona nyayo za wanyama mwaka 1976. Msafara wa hao wa miguu miwili, wenye urefu wa mita 27 hivi, ulifukuliwa mwaka 1978 na 1979.

Hapa ndipo madini yanapoingia. Majivu ya kawaida yakilowa huwa tope, na mvua ya pili huyasomba. Richard Hay, mwanajiolojia aliyezichunguza tabaka hizi, alieleza kwamba haya yalikuwa na kabonati, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Kabonati ikipata maji huyeyuka, na jua likiwaka hujiunda upya kuwa fuwele zinazozishika chembe za majivu kama saruji. Kwa hiyo mvua ileile ambayo ingezifuta nyayo ndiyo iliyozigandisha.

Volkano za majivu ya kabonati ni adimu. Leo duniani iliyo hai na inayotoa lava ya namna hiyo ni moja tu, Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron. Lava yake ina nyuzi joto 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava za kawaida. Hutoka nyeusi, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe ndani ya saa au siku chache. Madini yake makuu ni nyerereiti na gregoriiti. Ndiyo, la kwanza limepewa jina la Mwalimu. La pili ni la J. W. Gregory, Mwingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa. Hayadumu: unyevu huyageuza madini mengine, kwa hiyo asije mtu akakushawishi ukayachimbe.

Lengai yenyewe ni changa mno kuwa chanzo cha majivu ya Laetoli. Kwa miaka mingi alitajwa Sadiman, mlima ulio kama kilomita 20 mashariki. Baadaye miamba ya Sadiman ilipopimwa, madini yaliyotarajiwa hayakuonekana. Mimi niko upande wa wenye shaka, ingawa vitabu vingi bado vinamtaja Sadiman kana kwamba kesi imefungwa.

Na kwa nini volkano za ajabu namna hii zimejazana kaskazini mwa Tanzania? Kwa sababu bara linapasuka. Bamba la Nubia upande wa magharibi na bamba la Somalia upande wa mashariki yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Katikati ya Tanzania, hata hivyo, lipo bonge la miamba mikongwe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, nene na baridi. Majabali ya Mwanza ni sehemu yake. Ufa ukifika hapo haupiti, unazunguka. Kandokando ya bonge hilo, kina kirefu chini, mwamba huyeyuka kidogo sana, na kile kidogo kinachoyeyuka hubeba kaboni dioksidi kwa wingi. Hiyo ndiyo asili ya kabonati yetu.

Umri tunaupata kwenye majivu, wala si kwenye nyayo. Ndani yake mna vipande vya biotiti, madini yenye potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Biotiti ikiwa bado ya moto gesi hutoroka. Ikipoa hunaswa ndani, na hesabu inaanza hapo. Pima tabaka iliyo chini na iliyo juu, umezibana nyayo katikati.

Ukienda Laetoli usitarajie kuziona. Baada ya kufukuliwa zilifunikwa tena kwa udongo, migunga ikaota juu yake na mizizi ikaanza kuupasua mwamba, ndipo mwaka 1995 na 1996 eneo likafanyiwa ukarabati na kufukiwa upya. Nakala ipo kwenye makumbusho ya Oldupai. Mwaka 2015, mashimo ya majaribio yalipochimbwa kwa ajili ya makumbusho iliyopendekezwa kujengwa Laetoli, zilitokea nyayo za viumbe wengine wawili, kama mita 150 tu kutoka zile za kwanza, juu ya tabaka ileile ya majivu.