Kidonda cha makalioni: cha unyevu au cha mgandamizo?

Ninauguza wagonjwa majumbani, Temeke hadi Mbagala, wengi wao wa kiharusi wasioweza kujigeuza. Ndugu wakiona ngozi imechubuka, swali la kwanza ni "tupake nini, nesi?" Mimi nauliza kwanza kidonda kiko wapi.

Cha mgandamizo, yaani cha kulalia sehemu moja muda mrefu, hukaa juu ya mfupa: chini ya mgongo, nyongani, kisiginoni. Kingo zake huonekana wazi, na ndani huweza kuwa kimekwenda mbali kuliko kinavyoonekana. Cha unyevu hupenda mikunjo: katikati ya makalio, kinenani, chini ya matiti. Hiki ni mchubuko wa juujuu, umetawanyika, unawaka moto. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili, kwa sababu ngozi iliyolowa huchunika upesi ikisuguliwa.

Kwa ngozi yetu nyeusi, ukingoja wekundu umechelewa. Paguse kwa mgongo wa kiganja chako. Pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kuliko kawaida? Mgonjwa anakunja uso? Anza kazi ya kumgeuza siku hiyo, na usipakande, hata bibi akisisitiza.

Mkojo ukikaa hutoa amonia na kuiondolea ngozi asidi inayoilinda. Choo cha kuharisha kina vimeng'enya, kemikali za tumboni za kusaga chakula, vinavyoitafuna kabisa. Sabuni ya kufulia ndiyo inamalizia. Mwosheni kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha mpake krimu ya zinki au Vaseline, utando mwembamba tu. Spiriti na poda ziacheni. Mkiona vipele vidogo vimezunguka mchubuko, huenda ni fangasi, na hao wanataka dawa yao kutoka kliniki.

Ugomvi wangu mkubwa ni nailoni. Najua godoro ni ghali. Lakini Februari, fukuto la Dar na umeme umekatika, mtu aliyelazwa juu ya nailoni tupu anatokota. Itandikeni, ila juu yake wekeni khanga kuukuu za pamba, mbili hivi, mzibadilishe zikilowa. Ni afadhali hizo kuliko pampasi ya tangu asubuhi.

Kugeuza ni kila baada ya saa 2 hivi: alale kiubavu nusunusu, kama nyuzi 30, mto mgongoni, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Msimburute, mnyanyueni kwa shuka, watu wawili. Ile pete ya mpira ya kukalia hapana, inabana damu pembeni.

Kidonda kikiwa cheusi, kikinuka au akipata homa, ni hospitali siku hiyohiyo.