Eti Mazingaombwe Hayana Lugha? Dhana Potofu Zinazozunguka Jukwaani Dar

Ukialikwa kutumbuiza kwenye harusi Upanga, usitegemee hadhira ya namna moja. Meza ya mbele kuna bibi wa Kigujarati na wajukuu zake wanaomjibu kwa Kiswahili. Pembeni wameketi wageni kutoka Kinshasa, Kilingala na Kifaransa vinapokezana. Yupo mfanyabiashara wa Kichina kutoka Kariakoo, aliyealikwa kwa sababu ndiye anayemletea bwana harusi mzigo, na nyuma kabisa vijana wa Sinza wenye lugha yao. Mwanamazingaombwe anayesimama mbele ya watu hawa hupewa ushauri mwingi wa bure. Sehemu kubwa ya ushauri huo ni ya kutupa.

Eti fanya kimya kimya, mazingaombwe hayahitaji lugha

Nusu yake kweli. Teller, mwanamazingaombwe wa Kimarekani anayefanya kazi na mwenzake Penn Jillette, amejenga jina kwa kutosema neno jukwaani. Wanamazingaombwe wa Misri walioitwa gali-gali walikuwa wakipanda meli zinazopita Mfereji wa Suez na kutoa vifaranga hai kwenye vikombe mbele ya abiria wa mataifa yote, kwa maneno machache mno. Mchezo wenyewe wa vikombe na vipira ni mkongwe: Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, aliugusia kwenye barua yake karibu miaka 2000 iliyopita. Unadumu kwa sababu macho ya watu hufuata macho ya mwenzao. Ukiutazama mkono wako wa kulia kwa dhati, ukumbi mzima utautazama, wa Mbagala na wa Shanghai.

Ila kimya nacho kina maana yake mjini hapa. Mtu akipanda jukwaani bila salamu, akakodoa macho, akachomoa kitambaa chekundu na mshumaa, watu wanaanza kuulizana: huyu mganga, tapeli au msanii? Usipolijibu swali hilo dakika ya kwanza, kila mtu atajijibu mwenyewe, na hila zote zinazofuata atazipima kwa jibu lake. Lugha inahitajika hapo tu, na inayohitajika ni kidogo. Shikamoo kwa wazee, kem cho kwa bibi wa meza ya mbele, mbote kwa Wakongo, ni hao kwa Mchina. Ukitamka vibaya watacheka, na kicheko hicho ni nusu ya kazi.

Eti watu wa huku wataona ni uchawi tu

Wageni wanaipenda sana hii, na wenyeji tunairudia bila kufikiri. Watanzania wengi wamekua wakiyaona mazingaombwe shuleni. Mtu anakuja na sanduku lake, kiingilio kinakusanywa, anatafuna nyembe, anavuta utepe usioisha kutoka mdomoni, anageuza karatasi kuwa noti. Na daima palikuwa na mtoto mmoja wa darasa la nne mwenye swali: kama anaweza kugeuza karatasi kuwa noti, kiingilio chetu anakitakia nini? Sijaona bado mtu mzima wa kuipangua hoja hiyo.

Wanaoogopa wapo, sikatai. Lakini hofu ya jukwaani haina bara lake. Mwaka 1956, mwanamazingaombwe P. C. Sorcar kutoka India alimkata msichana kwa msumeno wa mashine moja kwa moja kwenye televisheni ya BBC, na kipindi kikafungwa ghafla kabla watazamaji hawajaridhika kwamba msichana ni mzima. Simu zikamiminika kituoni, Waingereza wakidhani wameshuhudia mauaji. Hao walikuwa na magazeti, vyuo vikuu na umeme.

Kuna mfano wa zamani zaidi unaotuhusu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier aliyefika Kilwa mwaka 1331, anasimulia kwamba baadaye akiwa Hangzhou, China, alimwona mtu akirusha mpira wenye kamba ndefu hadi ukapotea angani. Kijana akaipanda kamba, viungo vyake vikaanguka kimoja kimoja, kisha akasimama mzima. Moyo ulimwenda mbio mpaka akapewa dawa. Kadhi aliyekaa kando yake akamwambia hapakuwa na kupanda, kushuka wala kukata, yote ni kiinimacho. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama alifika kweli huko. Kwangu cha maana ni pale mezani: watu wawili wa dini moja na elimu ya aina moja, wanatazama kitu kimoja, mmoja anazimia roho na mwenzake anajua ni mchezo. Utamaduni wa mtu haukuambii ataona nini.

Kwa hiyo hatari ya kweli iko kwa mwanamazingaombwe mwenyewe, anapoutaka woga huo kwa makusudi. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma mwanamazingaombwe wake Robert-Houdin nchini Algeria ili apunguze nguvu ya viongozi wa dini, walioitwa marabuti, waliokuwa wakiheshimika huko. Alikuwa na kisanduku ambacho mwanamume mwenye misuli alikiinua kirahisi, kisha akashindwa. Sumaku ya umeme iliyofichwa ndiyo iliyokishikilia. Sehemu kubwa ya habari hizi tunaipata kwenye kumbukumbu alizoandika mwenyewe, na msanii hajisimulii vibaya. Wapo wanaoitaja safari ile kama fahari ya mazingaombwe kuvuka tamaduni. Mimi naiona kama jeshi lililokodi mtumbuizaji.

Ukijaribu ya Robert-Houdin Dar, jua pia kuna sheria. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1928 enzi za Waingereza, inamtia hatiani mtu anayejionyesha kwa maneno au vitendo kuwa ana nguvu za uchawi. Sema mapema, kwa Kiswahili chepesi, kwamba huu ni mchezo wa mikono na macho. Wanaodhani tamko hilo linaua ladha hawajaona ukumbi unavyotulia ukishasikia hivyo. Watu wanaegemea viti, wanaanza kukuvizia, na kuviziwa ndiko kunakonogesha.

Eti mlete mkalimani, mambo yatakwenda

Hapana. Mkalimani wa mkutano na mkalimani wa mazingaombwe ni kazi mbili. Unasema "fungua kiganja", nusu ya ukumbi inatazama kiganja, nusu inamtazama mkalimani. Sarafu ikitoweka, nusu hawakuwepo. Halafu mzaha unachekwa mara mbili, wa pili ukiwa umepoa. Kama lazima awepo, maelezo yatangulie yote, yatafsiriwe yote, kisha nyote wawili mnyamaze ndipo mikono ifanye kazi. Kwa watazamaji viziwi kanuni hii haina mjadala, maana macho yao ndiyo masikio. Usiongee huku unafanya, na usitoweshe kitu wakati wanamtazama mkalimani wa alama, kwa sababu wataona umewaibia.

Wapo waliomgeuza mkalimani kuwa sehemu ya hila. William Robinson, Mmarekani, alijiita Chung Ling Soo, akavaa kama Mchina, na hata kwa waandishi wa habari alizungumza kupitia mkalimani. Hadhira ilimsikia kwa mara ya kwanza akisema Kiingereza usiku wa tarehe 23 Machi 1918 mjini London, mchezo wa kudaka risasi ulipokwenda kombo na risasi ikampiga kifuani. Alifariki kesho yake. Nikiona mtumbuizaji amejifunga shuka la Kimasai ambalo hakuzaliwa nalo ili watalii wapige picha, huwa namkumbuka.

Eti hila ya namba inakwenda popote, hesabu ni hesabu

Hapa wengi hukwama, kwa sababu hila nyingi za "hesabu" kwa kweli ni hila za herufi. Chukua ile maarufu: fikiri namba kuanzia moja hadi kumi, zidisha kwa tisa, jumlisha tarakimu za jibu, toa tano. Kila mtu anabaki na nne. Herufi ya nne ni D. Taja nchi inayoanza na D, chukua herufi yake ya pili, taja mnyama. Kwa Kiingereza karibu wote wanaishia Denmark na elephant, yaani tembo. Dar, D ya kwanza kumjia mtu inaweza kuwa DRC, majirani zetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Na hata akisema Denmaki, mtafutie mnyama wa Kiswahili anayeanza na E. Mtakaa hapo mpaka chakula kigawiwe.

Au ile ya kuhesabu herufi za namba na kurudia. Kwa Kiingereza kila namba mwishowe inatua kwenye nne na kutulia. Ijaribu kwa Kiswahili: tisa ina herufi nne, nne ina tatu, tatu ina nne, nne ina tatu. Haitui kamwe, inazunguka kama daladala inayotafuta abiria.

Lakini lugha yetu ina zawadi yake, na nashangaa haitumiki zaidi. Tano, sita, saba, nane, tisa, kumi: zote zina herufi nne. Panga vizibo vya soda mstari mmoja, weka alama chini ya cha nne, mwambie mtu afikirie namba yoyote kuanzia tano hadi kumi na ahesabu kimoyomoyo, kizibo kimoja kwa kila herufi. Hukosei. Usishuke chini ya tano, mbili na nne zitakuumbua. Na usirudie mbele ya watu walewale, kwani ukiirudia binti mmoja wa kidato cha pili atakuwa ameshaing'amua.

Saa nazo zina mtego. Mtazamaji akigusa tarakimu 8 kwenye uso wa saa, Mswahili ataisoma saa mbili. Ukiwa na utabiri kwenye bahasha, hakikisha umechora saa badala ya kuandika namba, la sivyo nusu ya ukumbi itaona umekosea.

Eti karata zinajulikana dunia nzima

Zinajulikana, ila haziheshimiki sawa. Kuna nyumba ambazo karata ni kamari na kamari ni haramu, basi. Mitaani kuna karata tatu, ule mchezo wa vituo vya mabasi ambapo wanaoshinda ni wenzake mchezeshaji. Ukitandaza karata Manzese, mtu wa kwanza atashika mfuko wake. Wengine hawajawahi kucheza. Ukiwaambia wakumbuke saba ya shupaza, watakumbuka ilikuwa nyeusi. Kopa, uru, shupaza na pau ni majina ya wachezaji, wala usidhani bibi harusi anayajua.

Usikimbilie fedha kama mbadala. Kumwomba mwenye duka noti ya shilingi 10,000 ukaitowesha, kwenye mji ambao watu wanazungumzia chuma ulete, ni kujitafutia maneno. Tumia sarafu yako mwenyewe, au kanga, kamba, limau, vizibo. Limau lililokatwa likakutwa na pete ndani halihitaji tafsiri.

Eti ishara za mikono ni za wote

Kupokea kitu cha mtu kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu hapa, na hila nyingi za vitabuni zimepangwa hivyo ili wa kulia ubaki na siri yake. Zigeuze ukiwa nyumbani. Kumwita mtu jukwaani, geuza kiganja kiangalie chini ndipo upunge. Kumwita kwa kidole ni kumdharau. Usimshike mkono mwanamke aliyejisitiri kabla yeye hajautoa. Mzee akikubali kupanda, ashinde yeye: karata iwe mfukoni mwake, makofi yawe yake, na mzaha wa kumwonyesha mjinga uuhifadhi kwa rafiki wa bwana harusi, ambaye kwa kawaida ameshajitolea kabla hujamwita.