Joto la Jana Ndilo Lililoleta Theluji ya Leo

Kila mwaka, kati ya Novemba na Machi, mimi mtabiri wa hali ya hewa hapa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, naletewa maneno yaleyale kwa simu, kwa WhatsApp na hata mlangoni mwa kanisa: "Jana tulitembea na fulana, leo theluji imefika magotini. Hali ya hewa ya Minnesota haieleweki." Inaeleweka. Siku za namna hiyo zinaeleweka kuliko siku nyingi za kawaida, na nimechoka kusikia joto la jana likitolewa kama ushahidi kwamba dhoruba ilizuka bila dalili. Joto lile lilikuwa dhoruba yenyewe, upande wake wa mbele.

Dhoruba kubwa za katikati ya Marekani ni mgandamizo mdogo wa hewa unaozunguka kinyume cha mwendo wa saa. Mashariki mwa kitovu chake upepo unatoka kusini na kuvuta hewa yenye unyevu ya Ghuba ya Meksiko hadi jimbo jirani la Iowa na kusini-mashariki mwa Minnesota. Magharibi mwa kitovu upepo unatoka kaskazini-magharibi na kuteremsha hewa ya Kanada. Mfumo wote unasafiri kuelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo aliye kwenye njia yake hupitiwa kwanza na ubavu wa joto, kisha ubavu wa baridi.

Joto hilo pia ndilo chakula cha dhoruba. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvuke huo ukigeuka mawingu unaachia joto lake, hewa inazidi kupanda, na kitovu kinazidi kudidimia, yaani mgandamizo wake unazidi kushuka. Halafu kuna tofauti yenyewe kati ya kusini na kaskazini: kadiri hewa ya joto inavyosogezwa karibu na hewa ya baridi, ndivyo upepo wa juu, kwenye kilomita 9 au 10, unavyoongeza kasi na kuinua hewa iliyo chini yake.

Anayetoka Mombasa au Mwanza ana sababu nzuri ya kukosea hapa. Karibu na Ikweta jana ni mwongozo wa leo: nyuzi 30 jana, nyuzi 29 leo, na kinachobadilika ni mvua na upepo. Hewa ya ncha ya dunia haifiki huko. Huku inafika, na inapofika haipunguzi joto polepole. Tarehe 11 Novemba 1911, Oklahoma City ilipata nyuzi 28 mchana na nyuzi 8 chini ya sifuri kabla ya usiku wa manane. Kipimo cha juu na cha chini cha siku ileile moja, na vyote viwili ni rekodi ya tarehe hiyo.

Mfano ninaoutumia zaidi ni wa tarehe 11 Novemba 1940. Ilikuwa sikukuu ya kukumbuka kusitishwa kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi hawakwenda kazini, na bata walikuwa wakipita kwa makundi makubwa juu ya mto Mississippi. Asubuhi ilikuwa na joto lisilo la msimu, zaidi ya nyuzi 15 katika sehemu za eneo hilo. Wawindaji walivuka kwenda visiwani kwa mashua ndogo, na makoti mepesi. Utabiri ulikuwa umetaja baridi na theluji kidogo tu. Upepo ukageuka, mvua ikawa chembe za barafu, kisha theluji, na mawimbi ya mto yakawafungia wengi kulekule visiwani wakiwa wamelowa. Mji wa Collegeville, Minnesota, ulipata sentimita 67 za theluji, Minneapolis karibu 43. Minnesota peke yake ilipoteza watu 49, na katika eneo zima walikufa zaidi ya 140, wakiwemo mabaharia wa meli zilizozama Ziwa Michigan. Dhoruba ilipopungua, Max Conrad, mwalimu wa urubani wa mji wa Winona, aliruka na ndege ndogo ya Piper Cub juu ya mto, akawaangushia waliosalia makopo ya vyakula na viberiti na kuzionyesha njia mashua za uokoaji. Utabiri wa eneo lile ulikuwa ukitolewa Chicago. Baada ya maafa, kazi hiyo ikahamishiwa Minneapolis. Ramani ya siku ile ilikuwa na kila kitu: joto mbele, baridi kali nyuma, kitovu kinachodidimia katikati. Kilichokosekana ni macho ya kuifuatilia saa baada ya saa.

Sasa nije kwenye dhana inayonikera kuliko zote: "Ardhi bado ina joto, theluji haitakaa." Ina punje ya ukweli, na punje hiyo ndiyo inayoangusha magari mitaroni.

Hesabu yake ni hii. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri kunahitaji kilojuli 334. Theluji ya kawaida ya sentimita 10 ni sawa na sentimita 1 ya maji. Ikianguka sentimita 2 kwa saa, kila mita moja ya mraba ya barabara inapokea kilo 2 kwa saa, na kuiyeyusha yote kunadai karibu wati 185 mfululizo. Lami ambayo sentimita 10 chini yake ina nyuzi 10 zaidi kuliko juu inaweza kutoa wati 100 hivi, na kiasi hicho kinashuka kadiri joto la chini linavyotumika. Dhoruba kali huangusha sentimita 5 kwa saa: hapo deni ni zaidi ya wati 460. Ardhi haiwezi kulilipa.

Lakini saa ya kwanza inalipa sehemu, na hapo ndipo hatari. Theluji ya mwanzo inayeyuka, lami inalowa, joto la uso wake linashuka hadi sifuri. Mpaka wa hewa ya baridi ukishapita, maji hayo yanaganda na kushikana na lami, na theluji kavu inaanguka juu yake na kuyaficha. Dereva anaona theluji ya sentimita 3 na kuendesha kama kwenye theluji ya sentimita 3, kumbe anaendesha juu ya kioo. Lami ambayo ingekuwa baridi na kavu tangu juzi ingekuwa salama zaidi. Madaraja yanatangulia, kwa sababu chini yake hakuna udongo wa kuyapasha. Hewa ya baridi inayapiga juu na chini.

Chumvi nayo inasumbuliwa na mfuatano huohuo. Magari ya barabara hunyunyiza maji ya chumvi, asilimia 23 hivi, kabla ya dhoruba ili barafu isishikane na lami. Dhoruba ikianza kwa mvua, kama zinavyofanya hizi zinazofuata joto, maji hayo yanaoshwa yote. Inabaki chumvi ya mawe, na nguvu yake inategemea joto la lami. Kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri, kilo 1 ya chumvi inayeyusha karibu kilo 46 za barafu kwa dakika 5. Kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri ni kilo 8 au 9, kwa dakika 20. Kwenye nyuzi 9 chini ni kilo 6, na inachukua saa nzima. Kwa hiyo ukimwaga ndoo nzima mlangoni usiku wakati baridi imeshuka hadi nyuzi 15 chini, umeharibu zege na nyasi bure. Mwaga mapema, kidogo, lami ikiwa bado karibu na sifuri. Baada ya hapo tumia mchanga, ambao hauyeyushi ila unashika.

Kuna jambo moja nitalikiri kwa niaba ya watabiri wote. Kuja kwa dhoruba tunakuona siku nyingi kabla. Mstari unaotenga mvua na theluji ndio unaotutesa. Nyuzi 1 tu kwenye kimo cha mita 1,500 inaamua kama mji utapata mvua ya baridi au sentimita 25 za theluji, na kitovu kikipita kilomita 60 kusini ya tulikotarajia, mstari wote unahama nacho. Pia siku nyingi za joto la majira ya baridi hupita bila dhoruba yoyote, kwa hiyo joto peke yake si onyo. Tazama joto pamoja na mgandamizo wa hewa. Kwenye latitudo ya Minneapolis, karibu 45, kitovu kinachopoteza hektopaskali 20 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) ndani ya saa 24 kinadidimia kwa kasi ya kutisha. Nawe nyumbani, upepo wa kusini ukitulia ghafla kisha ukaanza kuvuma kutoka magharibi au kaskazini-magharibi, usihesabu siku. Hesabu dakika.

Wenye malori, angalieni mafuta kabla. Dizeli isiyotengenezwa kwa baridi inaweza kuanza kutoa nta kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, chujio linaziba, na injini inazimika barabarani. Upepo wa tairi hupungua karibu psi 1 (kipimo cha mgandamizo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Mshuko wa nyuzi 25 unakula psi 4 hadi 5 usiku mmoja.

Ukikwama, baki garini, maana kwenye theluji inayopeperushwa watu hupotea hatua chache kutoka mlangoni. Washa injini dakika 10 kila saa. Kabla ya kila kuwasha, shuka ukafukue ekzosi kwa beleshi, kwa sababu theluji ikiiziba kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, inarudi ndani, nayo haina harufu. Dirisha la upande usiopigwa na upepo liache wazi upana wa kidole.