Eti juri (raia wa kawaida wanaoamua kesi mahakamani) wakishatoa uamuzi mambo yameisha?

Watu wengi wanadhani hivyo, raia 12 wanasema hana hatia, wanarudi home, basi. Wapi! Cheki kesi ya Casey Anthony, mama aliyeshtakiwa kumuua bintiye mdogo, kule Florida, Marekani, 2011. Watu wa juri walikaa hotelini wiki kadhaa mbali na familia zao, posho yenyewe dola 30 kwa siku (siku 3 za kwanza 15 tu!), halafu walipomwachia kwenye shtaka la mauaji watu wakawaka balaa, vitisho juu, hadi jaji akaficha majina yao kwa miezi kadhaa, yakatoka Oktoba, na iliripotiwa mmoja wao aliacha kazi akahama kabisa kwa woga. Na wale wa juri walioongea baadaye hawakusema hajaua, walisema ushahidi haukutosha.