“Kwetu Taka Hazilali”

Kila nikizunguka nyumba hadi nyumba kukagua usafi hapa Tanga, kuna maneno ninayoyajua kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa. Juzi nimeyasikia tena Makorora, kwa bibi mmoja aliyenitandikia mkeka nikae: “Mwanangu, kwetu taka hazilali. Jioni tunazitia moto, basi.” Akanielekeza kwenye mwembe. Chini yake kuna duara jeusi, pampasi imeungua nusu, kizibo cha chupa kimeyeyuka kikagandamana na kijiti cha mshikaki. Kuku watano walikuwa wanalichakura lile jivu. Nilipoaga akanipa mayai sita ya kuku hao hao.

Niliyapokea, maana kukataa mayai ya mtu mzima si adabu. Kuyala sijayala.

Kinachonichosha ni kwamba anayechoma huwa ndiye msafi wa mtaa. Uwanja umefagiwa alfajiri, ndoo zimefunikwa, mlango wa choo umepakwa rangi. Huwezi kumwita mchafu. Ila kaamini kwamba moto unamaliza kitu, kumbe moto wa uani haumalizi, unahamisha. Kilichokuwa pakiti ya biskuti sasa kimo puani mwa mjukuu, na kilichobaki kimo kwenye jivu.

Kuiunguza plastiki ikaungua kweli kweli kunataka tanuri la zaidi ya nyuzi joto 850, lenye hewa ya kutosha. Moto wa chini ya mwembe haufiki huko. Na ukiutupia pampasi iliyolowa ndiyo kabisa, haiwaki, inafukuta usiku kucha, na moshi wa kufukuta ni mbaya kuliko wa mwali. Humo ndimo zinamozaliwa dioksini, sumu zinazokaa mwilini muda mrefu, hasa ukichanganya vitu vyenye klorini: ganda la waya wa umeme, kipande cha bomba, mpira wa kutandika mezani. (Vijana mnaochoma nyaya kutafuta shaba, na nyinyi nawasemesha. Ile shaba mnaiuza mara moja, moshi mnabaki nao.) Dioksini zinapenda mafuta. Zinatua kwenye majani na jivu, kuku anadonoa, zinakwenda kukaa kwenye kiini cha yai. Zikishaingia mwilini mwako, mwili unahitaji miaka 7 hadi 11 kuziondoa nusu tu. Tanga waja leo waondoka leo, lakini hizi haziondoki leo.

Halafu watu wanachoma magharibi, “jua likipoa”. Hewa ikishapoa na upepo kutulia, moshi haupandi, unalala chini usawa wa madirisha, saa ambayo watoto wanatoka madrasa na mwenye pumu anatafuta mahali pa kuvuta pumzi. Nikisema hivyo naambiwa, “Mbona tunachoma majani tu?” Majani makavu ya mwembe hayana dioksini kama waya, sawa, lakini chembe za moshi wake zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu vile vile. Na mimi sijawahi kuliona rundo la majani matupu. Siku zote kuna rambo katikati.

Ndugu wa hili ni kuwashia jiko la mkaa kwa kipande cha plastiki. “Kidogo tu, dada, cha kushikizia.” Mama kainama juu ya jiko, mtoto mgongoni, plastiki inadondosha matone yanayowaka juu ya mkaa, naye anapuliza. Hapa Tanga! Mji wa nazi! Makumbi yamejaa nyuma ya kila jiko, tunayatupa. Chambua kumbi kavu, lisokote liwe kama kiota cha ndege, liweke chini ya mkaa, washa kwa njiti moja. Na vifuu vinashika moto upesi kuliko huo mkaa wenyewe. Nawaambia watu hivi mpaka mume wangu ananiita Mama Makumbi.

Sasa jibu ninalolipata kila nyumba: gari la taka halipiti. Kweli, kuna wiki halipiti, na mimi nimeshaandika barua kuhusu hilo mpaka nikachoka. Lakini jiulize nini hasa kinakufanya usiweze kulisubiri. Ni harufu. Na harufu haitoki kwenye chupa wala pakiti, inatoka kwenye maganda ya ndizi, matumbo ya samaki, machicha, ukoko wa wali. Hayo ni zaidi ya nusu ya taka za nyumbani. Yatenge. Chimba shimo la goti pembeni ya uwanja, kila ukimwaga ndani fukia na udongo kidogo au majani makavu uliyofagia, likijaa panda mpapai juu yake. Matumbo ya samaki yafukie chini zaidi, paka wa mtaani ni wajuzi. Chupa ziweke kando, wanaozinunua kwa kilo wanapita. Kinachobaki kwenye gunia ni kikavu na hakinuki. Pampasi ndiyo mkaidi: choo kiishie chooni kwanza, uifunge vizuri, isubiri gari. Gunia hilo likikaa wiki mbili halimdhuru mtu.

Mengine ninayosikia ni mafupi.

“Bahari haikai na uchafu.” Haikai nao, ndiyo, inakurudishia. Nendeni Sahare baada ya bamvua mtazame kilichonasa kwenye mizizi ya mikoko. Kilichokwenda mbali kasa anakidhania yavuyavu, anameza.

“Oili chafu inazuia vumbi na mchwa.” Na mvua ikinyesha inateremka kisimani kwako, na risasi na madini mengine iliyoyachukua kwenye injini. Fundi wa pikipiki anayekugawia bure anajipunguzia mzigo wake.

Na hili la mwisho linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Tangu katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019, watu wanajisifu wamehamia mifuko ya kitambaa. Ile laini ya rangi rangi, yenye vishikio? Hiyo ni polipropilini, plastiki kama nyingine, imebanwa ikafanana na kitambaa. Si dhambi, ilimradi uirudie mpaka ichakae. Lakini mtu anarudi sokoni na mipya mitatu kila siku, akifika nyumbani anaikunja chini ya godoro, siku ikijaa anaitia moto kwa sababu “ni kitambaa”. Zile nailoni nyembamba zinazoangaza nazo ni vifungashio vya kufungia bidhaa, si vya kubebea nyanya.

Mimi natembea na kikapu cha ukili. Mkono wake umeshakatika mara mbili, na mara zote mbili nimeushona kwa kamba ya mkonge. Samaki wanavuja kidogo, kwa hiyo ndani natandika jani la mgomba.