Kioo, plastiki na sekunde za mgando

Gawa damu ya mtu mmoja katika mirija miwili mitupu, mmoja wa kioo na mwingine wa plastiki. Ya kwenye kioo itaganda mapema, ya kwenye plastiki itakuchelewesha. Ndiyo maana ile mirija ya plastiki ya kifuniko chekundu hupakwa silika ndani, ambayo ni ndugu wa kioo. Bila hiyo tungesubiri seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, mpaka tuchoke.

Uso wa kioo una chaji hasi, nayo huamsha protini iitwayo faktari ya XII. Jina lake la zamani ni faktari ya Hageman. John Hageman alikuwa mfanyakazi wa reli Marekani, na damu yake ilikawia mno kuganda kwenye mrija wa kioo ingawa hakuwa na shida ya kutokwa damu. Watafiti Ratnoff na Colopy waliandika habari zake mwaka 1955. Mwaka 1968 alifariki, na kilichomuua ni bonge la damu lililokwama mapafuni! Mwanafunzi akija kwangu kwa mafunzo ya vitendo, namwanzia hapo, ajue mapema kwamba mrija si mwili.

Kazi yangu ni kupima vifaa tiba vinavyogusa damu, kama katheta na mirija ya mashine za kusafisha damu. Kipimo ninachokitumia zaidi ni rahisi kukieleza: plazima (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake) yenye sitreti, kemikali inayozuia mgando kwa kuikamata kalsiamu, inakaa na kipande cha nyenzo kwenye nyuzi 37, kisha kipande kinatolewa, tunaongeza fosfolipidi (aina ya mafuta ambayo mgando huyahitaji) na kalsiamu, tunahesabu sekunde. Kiamsho hatuweki, kwa kuwa nyenzo yenyewe ndiyo inayochunguzwa kama inaamsha. Pembeni lazima ziwepo shanga za kioo, ambazo tunajua zitaharakisha mgando, na plastiki tulivu isiyoamsha kitu.

Sekunde zikipungua, maana yake iko wazi. Zinazoniumiza kichwa ni zile zinazoongezeka. Watengenezaji huzifurahia, mimi huzishuku: huenda nyenzo imenyonya protini za mgando, au imevujisha kemikali inayoikamata kalsiamu. Huo si usalama.

Na mara nyingi kosa halimo kwenye nyenzo kabisa. Mshipa ukitafutwa kwa kuchokonoa, mgando umeshaanza kabla sindano haijatoka. Mrija wa sitreti usipojaa, uwiano wa damu 9 kwa sitreti 1 unavurugika na sekunde zinarefuka bure.

Plazima pia haina chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoshikana kuziba jeraha, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi. ISO 10993-4, kiwango cha kimataifa cha kupima vifaa vinavyogusa damu, inataka tuziangalie hizo nazo, pamoja na kupasuka kwa chembe nyekundu na mfumo wa komplementi, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu. Hapo natumia damu nzima kwenye kitanzi cha Chandler, mrija uliofungwa duara unaozungushwa. Ndani hubaki hewa kidogo ili damu itiririke, na hewa nayo huchokoza damu. Kwa hiyo kila mara kuna kitanzi cha pili chenye damu ileile, hewa ileile, muda uleule, bila ile nyenzo.